Taa ya Cheki Injini na Sensa ya Oksijeni: Mwongozo Kamili kwa Gari la Zamani, Mombasa

Gari lililokwisha kula miaka kumi na tano au ishirini barabarani likiwasha taa ya cheki injini, mara nyingi skana hutoa namba iliyo kati ya P0130 na P0141. Hapo ndipo pesa za mwenye gari hupotelea. Anaambiwa "sensa ya oksijeni imekufa", anakimbilia duka la speya, sensa inafungwa, na baada ya siku chache taa imerudi. Namba ya hitilafu hutaja saketi iliyoleta taabu au hali ambayo kompyuta ya injini imeiona. Haitaji kipuri cha kununua. Mjumbe hauawi, na sensa hii ni mjumbe: mara nyingi inaeleza kwa usahihi ugonjwa ulio mahali pengine. Pima kwanza, na vipimo vyenyewe si vigumu.

Utahitaji mita ya dijitali, skana ya kawaida au ile ndogo ya ELM327 inayoongea na simu kwa Bluetooth, taa ya kupimia ya volti 12, pini mbili nyembamba za kushonea, tochi, na daftari. Mita ya mshale iache nyumbani. Inavuta umeme mwingi kuliko sensa inavyoweza kutoa, na itakupa majibu ya uongo. Ukilazimika kuingia chini ya gari na uwanja wenu ni wa mchanga, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi, kwa maana mchanga hutitia taratibu bila kukuonya. Na injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa milango, hata kwa dakika chache.

Kinachopimwa ni nini

Petroli huungua vizuri kila gramu 1 ikipata gramu 14.7 za hewa. Kazi ya sensa ni kuiambia kompyuta kama uwiano huo umezidi au umepungua. Ndani yake mna kijiti cha kauri ya zirkonia: upande mmoja unagusa moshi wa eksozi, upande wa pili unagusa hewa ya nje. Oksijeni ikitofautiana sana pande hizo mbili, kijiti hutoa volti. Mafuta yakiwa mengi, moshi hauna oksijeni ya kutosha na volti hupanda hadi karibu 0.9. Mafuta yakiwa machache, oksijeni inabaki kwenye moshi na volti hushuka hadi karibu 0.1. Mpaka uko kwenye 0.45. Sensa ya mbele iliyo nzima haitulii. Inapanda na kushuka muda wote, kwa sababu kompyuta nayo inaongeza na kupunguza mafuta bila kukoma.

Kauri hiyo haifanyi kazi mpaka ifike kama nyuzi 300 za joto. Ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndani. Anayesubiri kivuko cha Likoni injini ikinguruma bila resi ataelewa faida yake: moshi unakuwa mdogo, eksozi inapoa, na bila hita sensa hulala. Ikilala, kompyuta huacha kuisikiliza na kumwaga mafuta kwa makadirio. Utaliona hilo kwenye tenki kabla ya kuliona mahali pengine popote.

Jua pia majina. "Benki 1" ni upande wenye silinda namba moja, na injini ya kawaida ya silinda nne ina benki hiyo tu. "Sensa 1" iko kabla ya katalitiki (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la eksozi), karibu na injini. "Sensa 2" iko baada yake. Sensa 1 ndiyo inayoongoza mafuta, na Sensa 2 hasa inachunguza kama katalitiki inafanya kazi. Watu hubadilisha ya nyuma kwa hitilafu ya mbele, wakashangaa kwa nini hakuna kilichopona.

Kusoma namba, hata gari likikataa skana

Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani njia moja ya pamoja ya kusoma hitilafu za gari, kwa magari ya 1996 na kuendelea, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari mengi tunayoendesha hapa yalitengenezewa soko la Japani, na Japani ilikwenda kwa mwendo wake. Kwa hiyo unaweza kukuta soketi ya pini 16 chini ya usukani, ukachomeka skana, na isipate jibu. Usiseme kompyuta imeungua. Gari hilo linaongea lugha ya zamani tu.

Kwenye Toyota za aina hiyo, zima ufunguo, kisha unganisha kwa waya mfupi pini ya 4 na ya 13. Ukiitazama soketi upande mpana ukiwa juu, pini ya 4 ni ya nne kutoka kushoto safu ya juu, na ya 13 ni ya tano safu ya chini. Hesabu mara mbili, maana pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Toyota za zamani zaidi zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS: hapo unganisha TE1 na E1. Washa ufunguo bila kuwasha injini, tazama taa ya cheki injini. Ikimetameta mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna namba iliyohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikapumzika, ikameta mara moja, hiyo ni 21, saketi ya sensa ya oksijeni. 25 ni mafuta machache, 26 ni mafuta mengi.

Skana ikikubali, andika namba zote pamoja na picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa hitilafu ilipotokea: joto, mwendo, mizunguko. Usifute kitu kwanza. Gereji nyingi hufuta ndipo ziulize, na ushahidi ukishapotea utasubiri taa iwake tena.

Namba zenyewe zina familia. P0135 ni hita ya sensa ya mbele na P0141 ni hita ya nyuma. Toyota nyingi hutumia P0031 au P0032 kwa hita ya mbele, P0037 au P0038 kwa ya nyuma. P0131 ni volti ya chini, P0132 volti ya juu, P0133 sensa inajibu polepole, P0134 haijibu kabisa. P0136 ni saketi ya sensa ya nyuma. Kisha kuna zile ambazo watu huzisingizia sensa: P0171, P0172 na P0420.

Macho kabla ya mita

Mombasa kuna chumvi hewani, na chumvi haina huruma na shaba. Fuata waya kutoka kwenye sensa hadi soketi yake. Ifungue, uangalie kama pini zimegeuka kijani. Tazama kama waya umelalia manifoldi (mabomba ya eksozi yanayotoka kwenye injini) ukayeyuka, au kama uliwahi kuunganishwa kwa kusokota na kufungwa tepu. Muungo wa tepu hapa kwetu haumalizi msimu wa masika.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linaloua sensa mpya. Sensa nyingi hupata ile hewa ya nje kupitia katikati ya nyuzi za waya wake wenyewe. Kwa hiyo usijaze grisi kwenye soketi ya sensa ukidhani unaikinga na unyevu, wala usilehemu nyaya zake kwa risasi. Utakuwa umeiziba pumzi. Upande wa gari safisha pini kwa dawa ya kusafishia umeme na uache zikauke kabisa. Upande wa sensa tumia brashi kavu. Ukilazimika kuunga waya, tumia viungo vya kubana vyenye mpira unaosinyaa kwa joto.

Baadaye ukipima umeme, usitoboe ngozi ya waya kwa ncha ya mita. Ingiza pini ya kushonea kwa nyuma ya soketi, sambamba na waya. Tundu dogo kwenye ngozi linatosha kuingiza unyevu wa bahari, na baada ya miezi waya umeoza kwa ndani huku nje unang'aa.

Sasa sikiliza eksozi. Washa injini ikiwa baridi, mtu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe uweke sikio karibu na manifoldi na viungo vya mbele. Mlio wa kufuka, au alama nyeusi ya masizi pembeni mwa gasketi, maana yake moshi unavuja. Tundu lililo kabla ya sensa hutoa moshi na pia huvuta hewa ndani kati ya mapigo ya moshi. Sensa huiona oksijeni hiyo na kuripoti kwamba mafuta ni machache. Kompyuta huongeza mafuta, injini hunywa kama ngamia, na sensa huhukumiwa bila kosa. Eksozi ikivuja, ziba kwanza. Vipimo vingine vyote kabla ya hapo ni bure.

Hita: anza hapa ukiwa na P0135, P0141 au ndugu zao

Hitilafu za hita ndizo rahisi kuthibitisha. Fanya asubuhi, injini ikiwa imepoa usiku kucha.

Kwanza fyuzi. Kwenye Toyota nyingi umeme wa hita hupitia fyuzi na rilei (swichi ya umeme) ya EFI, yaani mfumo wa kupulizia petroli. Kwenye gari jingine soma mfuniko wa kisanduku. Fyuzi ikiwa imekatika, usiweke nyingine na kuondoka. Ilikatika kwa sababu, na mara nyingi sababu ni waya uliogusa eksozi au hita iliyopiga shoti ndani.

Pili, fungua soketi ya sensa. Sensa ya nyaya nne huwa na nyaya mbili za rangi moja, na hizo ndizo za hita; mbili zilizobaki ni za ishara. Weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili, andika inachosoma, halafu pima hita na utoe kiasi hicho. Sensa ya kawaida ya Toyota husoma omu 11 hadi 16 kwenye nyuzi 20. Joto letu la Mombasa litaiongeza kidogo, hilo lisikutishe. Ukikuta mita haisomi chochote, hita imekatika, na hapo sensa imekufa kweli. Nenda kanunue kwa moyo mweupe. Ukikuta omu 2 au 3, usikimbilie kusema imepiga shoti: huenda una sensa ya aina nyingine, nitakayoieleza mbele.

Pima omu kwenye nyaya za hita pekee. Usiweke mita ya omu kwenye nyaya za ishara, kwa sababu mita inasukuma umeme na unaweza kuiharibu kauri.

Tatu, hita ikiwa nzima na namba bado ipo, tazama upande wa gari. Washa injini, soketi ikiwa wazi, weka taa ya kupimia kati ya pini mbili za hita upande wa gari. Taa ikiwaka, umeme unafika. Isipowaka, pima kila pini peke yake dhidi ya nguzo hasi ya betri. Pini moja lazima iwe na volti karibu na za betri. Ikikosa, tafuta waya uliokatika kutoka kwenye rilei. Ikiwa nayo ipo, basi upande wa kurudi, ule ambao kompyuta huufunga yenyewe, ndio wenye kasoro. Fuata waya huo hadi kwenye kompyuta kabla hujaisema kompyuta vibaya.

Ishara: je, sensa inaongea?

Rudisha soketi. Endesha gari mpaka joto la injini litulie, kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, ili sensa ipate moto. Ingiza pini nyuma ya waya wa ishara, mita kwenye volti za umeme wa betri, kipimo cha 2. Waya hasi wa mita uende kwenye waya wa pili wa ishara au kwenye nguzo hasi ya betri.

Ukibaki kwenye 2,500, hesabu. Mabadiliko manane au zaidi kwa sekunde kumi, yakivuka 0.45 kwenda na kurudi, ni sensa nzima. Yakiwa mawili au matatu, sensa imezeeka, na hiyo ndiyo P0133 halisi. Skana ya bei ndogo inaweza kuchelewa kuonyesha mabadiliko, kwa hiyo kwa kipimo hiki naiamini mita zaidi.

Volti ikikwama, usihukumu bado. Ilazimishe. Kanyaga resi ghafla na uiachie: injini humwaga mafuta kwa muda mfupi, na volti lazima iruke juu ya 0.8. Ukiachia, mafuta hukatwa, na volti lazima ianguke kuelekea 0.1. Kisha chomoa mpira mdogo wa vakyumu kwenye manifoldi ya kuingizia hewa: volti ishuke. Sensa inayopanda na kushuka unapoilazimisha ni nzima, hata kama ilikuwa imekwama kwenye 0.1 dakika moja kabla. Ilikuwa inakwambia kweli kwamba mafuta ni machache. Ile isiyotikisika kwa lolote, waya zake zikiwa nzima na hita ikifanya kazi, ndiyo ya kubadilisha.

Sensa ya nyuma isome kinyume: gari likiwa moto, inapaswa kutulia, mara nyingi kati ya 0.6 na 0.8. Ikicheza sawa na ya mbele, katalitiki haifanyi kazi.

Sensa zinazofanana kwa sura tu

Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta mahali pa sensa ya mbele. Umbo moja, wakati mwingine hata soketi moja. Hita yake ina omu chache sana, kwa nyingi kati ya 1.8 na 3.4. Volti yake haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Kompyuta ya Toyota huisoma karibu na 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, ikipanda mafuta yakipungua na kushuka yakizidi, kinyume cha ile nyingine. Skana za kawaida huonyesha 0.66 kwa sababu hugawanya kwa tano. Aina hii mita haitoshi kuipima ishara. Itazame kwenye skana huku ukikanyaga na kuachia resi. Usifunge aina moja mahali pa nyingine. Gari litawaka, litatembea, na litakunyonya petroli kila siku.

Namba ambazo si za sensa

P0171 inasema mafuta ni machache. Fungua skana kwenye marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ujumlishe. Ndani ya asilimia 10 juu au chini ni kawaida. Ikiwa kubwa bila resi na kupungua kwenye 2,500, hewa inapenya mahali: mipira ya vakyumu iliyokauka kwa jua, au gasketi ya manifoldi. Ikiongezeka unapolipakia gari mzigo, kwa mfano kupanda Daraja la Nyali likiwa na watu watano, fikiria pampu iliyochoka, chujio la petroli, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi.

P0172 ni mafuta mengi. Angalia chujio la hewa, injekta inayovuja, na sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba injini bado baridi. Plagi isiyochoma nayo inachanganya: petroli haikuungua, lakini oksijeni yake haikutumika pia, kwa hiyo sensa husema mafuta machache huku bomba linanuka petroli.

P0420 inasema katalitiki haifanyi kazi vizuri; ichunguze kwa macho. Katalitiki ina madini ya thamani, na magari mengi ya mkono wa pili yamekwisha kukatwa au kutolewa vitu vya ndani bila mnunuzi kujua. Igonge kwa mkono, ikiwa baridi: tupu hulia kama debe. Wapo watakaokuuzia kibomba cha kusogeza sensa ya nyuma ili taa izime. Mimi sikishauri. Kinaficha namba, na moshi unaendelea kumwingia mtoto aliyeketi kwenye foleni nyuma yako.

Kununua na kufunga

Nenda dukani na sensa ya zamani mkononi, pamoja na namba iliyoandikwa kwenye mwili wake au kwenye soketi. Chukua na mita. Ukinunua iliyotumika kutoka Japani, pima hita mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Mwuzaji mwaminifu hatakataa. Mpya yenye jina kubwa kwa bei ya kutupa, itazame mara mbili: maandishi yaliyochongwa vizuri na unadhifu wa soketi ndivyo vya kuangalia. Sensa zisizo na soketi, za kuunga nyaya, ziwe chaguo la mwisho.

Kutoa ile ya zamani ndiko kunakovunja mikono ya watu Pwani, kwa sababu kutu imeshaungana na uzi. Paka mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi. Asubuhi washa injini dakika chache eksozi ipate uvuguvugu, si moto wa kuunguza, kisha tumia boksi spana ya sensa ya milimita 22 yenye mwanya wa waya. Baadhi ya Toyota za zamani zina nati mbili za kawaida. Hapo nunua na gasketi mpya. Uzi ukiharibika, nyingi ni za M18 kwa 1.5, na fundi mwenye tapu atausafisha.

Kabla ya kuitupa, soma ncha yake. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Unga mweupe unaweza kuwa silikoni ya gundi ya gasketi isiyofaa, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Majivu ya kahawia ni oili inayoungua. Ukifunga mpya bila kuponya hayo, nayo itakwenda njia hiyo hiyo.

Sensa mpya nyingi huja na dawa ya kuzuia uzi usishikane tayari. Ikikosekana, paka kidogo kwenye uzi tu, ncha isiguswe. Kaza kwa nguvu ya wastani, karibu nyutoni-mita 44, na ufunge waya mbali na bomba kwa klipu zake za asili. Sensa iliyoanguka sakafuni irudishe dukani. Kauri hupasuka bila kuonekana. Na mvua za masika zikijaza barabara, usitumbukie dimbwini eksozi ikiwa moto, kwa sababu maji ya ghafla huipasua vivyo hivyo.

Kufuta na kuthibitisha

Futa namba kwa skana. Kwenye zile za zamani, zima ufunguo na uchomoe fyuzi ya EFI kwa dakika moja. Kisha endesha mchanganyiko wa mwendo: foleni kidogo, halafu mwendo wa sawasawa kwa dakika kumi na tano au zaidi, kwa mfano alfajiri kuelekea Mtwapa kabla magari hayajajaa. Zima, liache lipoe, rudia siku ya pili, kwa sababu hitilafu nyingi huwasha taa baada ya safari mbili zenye kosa lilelile. Taa kutowaka siku ya kwanza haitoshi kuwa ushahidi. Soma namba zilizo njiani, zile ambazo skana huziita za kusubiri, na uandike marekebisho ya mafuta daftarini.

Ikirudi P0135 na sensa ni mpya, hita umeipima, fyuzi ni nzima, basi usinunue sensa ya tatu. Pima volti kati ya mwili wa injini na nguzo hasi ya betri, injini ikiwaka, taa kubwa zimewashwa. Ikizidi sehemu chache za kumi za volti, ile waya nene ya kurudisha umeme kwenye bodi imeliwa na chumvi. Ifungue, ipige msasa mpaka chuma king'ae, ikaze, upake grisi juu ya nati, kisha futa namba na uanze safari zile mbili upya.